Salamu Iliyoanguka Itikoni

Katika nchi ya Itikoni hakuna kosa linalochukiza kama kuiacha salamu ya mtu ianguke chini. Mwizi wa kuku watu humkemea wakamwachia, mlevi humfunika kanga mpaka azinduke, lakini aliyesalimiwa akanyamaza hana pa kuuficha uso wake. Mize alilijua hilo tangu siku ya kwanza. Kabla hajalitua sanduku lake la vyuma, mlinzi wa mpaka alimsalimu mara saba, akaanza na yeye mwenyewe, akaenda kwa wazazi wake, akamalizia na viatu vyake, na kila mara alingoja jibu.

Mize alikuwa fundi wa cherehani. Alikwenda nchi hadi nchi akifungua mashine zilizokwama, akizisafisha na kuzitia mafuta, kisha akiondoka kabla watu hawajamzoea. Hakuwa na mji wa kurudi. Alikuwa na bisibisi sita, kopo la mafuta lenye mdomo mrefu, na sikio linaloweza kusikia jino moja la gurudumu likisaga vibaya.

Aliyempokea ni Bi. Kirembo, mjane mshona magauni.

"Imenigomea tangu masika," Bi. Kirembo alisema, akiipapasa cherehani yake kama mtu apapasaye mgongo wa mgonjwa. "Nikiikanyaga inakohoa tu."

"Itaacha kukohoa. Nipe wiki tatu na chai."

"Chai ipo. Chumba cha uani ndicho hakipo, kina mtu. Utalala na mimi."

Mtu wa chumba cha uani alikuwa Bakuza, mfungaji wa viroba vya chumvi, mpangaji wa miaka kumi na mmoja. Goti lake la kushoto lilikuwa bovu, na kofia yake ya ukindu ilikaa kwenye msumari uliopigiliwa ukutani juu ya cherehani. Watu wake walifika Itikoni wakati bibi yake Bi. Kirembo alikuwa bado msichana. Wao ndio waliochimba mabwawa ya chumvi, na chumvi yao ndiyo inayoliwa kila nyumba. Hata hivyo mpaka leo wanaitwa watu wa kuja.

"Huyu asikutishe," Bi. Kirembo alimwambia Mize. "Anakoroma hadi panya wamehama, lakini ni mtu mwema."

"Panya walihamishwa na mchuzi wako," Bakuza alijibu kutoka uani.

Mize alicheka. Alikumbuka baadaye kwamba hicho kilikuwa kicheko chake cha mwisho katika nchi ile.

Sheria ya Itikoni inasema jibu la salamu ni kiapo. Mtu akijibu "salama" huku ana homa, mganga wa zahanati hamgusi, kwa sababu ameshaapa kuwa ni mzima. Kwa hiyo wagonjwa hujifungia ndani mpaka saa ya salamu ipite, kisha huenda zahanati kwa kupitia vichochoroni. Karani wa Salamu hutembea mitaani na daftari, anatia alama kila mlango ulioitikia. Watu wanajivunia daftari hilo. Miaka mia moja na tisa, Bi. Kirembo alisema, na hakuna mlango uliowahi kukosa alama.

Zamani majirani walisalimiana wenyewe. Halafu watu wakapata shughuli nyingi, wazee wakawa wanakaa mlangoni asubuhi nzima bila kupitiwa na mtu. Hapo ndipo ulipozuka Umoja wa Wenyewe. Walikuwa vijana na watu wazima wenye kitambaa cheupe begani, wakajitolea kupita nyumba kwa nyumba kila alfajiri kusalimu kwa niaba ya wote. Walibeba ndoo za wajane. Waliwashika wazee mkono wakivuka mtaro. Kiongozi wao, Bwana Sadala, alikuwa na sauti laini na kumbukumbu ya ajabu. Alijua jina la mbuzi wa kila mtu.

"Mmeamkaje?" walikuwa wakiuliza.

"Salama."

Kwa msimu mzima haikuwa zaidi ya hapo. Kisha wakaongeza: "Nyote?" Watu wakaona ni upendo, wakajibu: "Sote." Msimu uliofuata wakaongeza: "Wenyewe?" Neno hilo lilikuwa geni kidogo masikioni, lakini mtu hawezi kuiacha salamu ianguke kwa sababu ya neno moja. Wakajibu: "Wenyewe." Kila jibu likaandikwa daftarini, na kila lililoandikwa likawa kiapo.

Mize alikuwa na siku ya kumi na nne nchini walipoongeza swali la nne. Bi. Kirembo alikuwa amesimama mlangoni, sindano mdomoni.

"Mmeamkaje?" Bwana Sadala aliuliza.

"Salama."

"Nyote?"

"Sote."

"Wenyewe?"

"Wenyewe."

"Bila wa kuja?"

Karani alikuwa nyuma yake, penseli tayari. Bi. Kirembo aliitoa sindano mdomoni. Alitazama daftari, akamtazama Bwana Sadala aliyekuwa akitabasamu kwa subira, kisha akasema yale ambayo mtaa mzima ulikuwa umeshasema asubuhi ile.

"Bila wa kuja."

Aliporudi ndani alikaa chini sakafuni. Bakuza alikuwa amesikia yote, maana ukuta wa uani ni wa udongo.

"Nimeapa," Bi. Kirembo alisema.

"Nimesikia."

"Ningejibu nini, Bakuza? Niambie wewe. Ningejibu nini?"

"Hakuna jibu jingine. Mimi pia nimefundishwa hivyo hivyo."

"Sasa nimekuwa mwongo, na wewe umo humu."

"Basi nisiwemo," Bakuza alisema.

Mize hakuwahi kuona mtu akifukuzwa kwa heshima namna ile. Bi. Kirembo alimpikia uji wa mtama na kuutia maziwa. Alimkunjia chandarua, akamfutia vumbi sanduku, akamsaidia kulibeba mpaka kona huku machozi yakimtiririka. Mtaa mzima ulikuwa katika kazi hiyohiyo. Kila mlango ulikuwa ukimtoa mtu nje kwa upole, wakiombeana dua, wakipeana vyakula vya njiani. Mpaka adhuhuri watu wote wa chumvi walikuwa nje ya jiwe la mpaka, kwenye upepo wa mabwawa, na nchi nzima ilikuwa imesema kweli.

Ila Mize mwenyewe aliachwa. Mgeni ambaye hajafikisha siku arobaini haitwi mtu wa kuja. Huitwa mpita njia, na mpita njia hahesabiwi popote.

Kesho yake Bi. Kirembo hakuamka kitandani. Mize ndiye aliyefungua mlango.

"Mmeamkaje?" Bwana Sadala aliuliza.

"Salama," Mize alisema.

"Nyote?"

"Sote."

"Wenyewe?"

"Wenyewe," alisema, kwa kuwa wenyewe walikuwa wenyewe, na yeye alikuwa anapita tu.

"Bila wa kuja?"

Mize aligeuza uso ndani kidogo. Juu ya cherehani msumari ulikuwa mtupu, na ukutani palibaki duara jeupe mahali ambapo kofia ilizuia moshi kwa miaka kumi na mmoja. Jibu lilikuwa la kweli kabisa. Asingekuwa anadanganya hata chembe. Ukweli huo ndio uliomzuia kulitamka.

Alinyamaza.

Karani alingoja. Mtu wa nyumba ya pili alichungulia. Bwana Sadala alirudia swali kwa sauti ileile, bila ukali, kama mtu anayemsaidia mtoto kusoma. Mize aliendelea kunyamaza. Salamu ikaanguka chini, na watu watatu waliokuwa barazani wakatazama chini kweli, kana kwamba wangeiona.

Adhabu ya kosa hilo ni moja. Aliyenyima jibu hunyimwa salamu mpaka amwombe radhi aliyemkosea. Hapigwi wala hafungwi. Karani alipiga mstari daftarini, kisha mwingine wa mkaa juu ya mlango, na kuanzia hapo hakuna aliyeruhusiwa kumsemesha Mize. Sokoni aliponyosha kidole, muuza maharage alimpimia na kugeuza uso. Alipokwenda mpakani, mlinzi alimwona, akafadhaika. Kwa sheria kila anayetoka lazima aagwe, naye hakuweza kumuaga mtu asiyesemeshwa. Akasimama njiani mikono imelegea, akatikisa kichwa. Mize akarudi na sanduku lake. Hata siku zake hazikuhesabiwa tena, kwa hiyo hakufikisha arobaini.

Bi. Kirembo hakuwa na ujasiri wa kuvunja sheria, lakini hakuwa na moyo wa kuitii yote. Akaanza kusema na cherehani.

"Cherehani," alisema jioni moja, akimimina chai vikombe viwili, "leo nimetia tangawizi. Atakaye anywe."

"Asante," Mize alijibu.

Bi. Kirembo aliigeukia mashine. "Unaona, cherehani? Chai yangu si mbaya."

Hivyo ndivyo walivyoishi. Mashine ilikuwa imeshapona zamani. Mize aliendelea kuifungua na kuifunga, akikaza skrubu ambazo hazikulegea, ili wapate kitu cha kukaa kando yake.

Kilichowaangusha Wenyewe ni swali la tano.

Walilianzia mitaa ya wakubwa. "Na bibi yenu mzaa mama?" wakauliza. Asubuhi hiyo wajumbe wengi wa Baraza waliugua ghafla. Mkuu wa Baraza, Bwana Kombe, alijifungia ndani siku tatu kwa homa ambayo ilipanda kila alfajiri na kushuka saa mbili, maana bibi yake mzaa mama alikuwa binti wa mchimba chumvi, na jambo hilo alikuwa amelikalia maisha yake yote. Siku ya nne Baraza likaitwa. Wakati kila nyumba ilikuwa ikitoa wapangaji wake, halikuwa limeitwa hata mara moja.

Mjadala ulichukua siku mbili. Mlango wa Baraza huwa wazi, na Mize alikaa benchi la nyuma, ambako watu walimwachia nafasi ya watu sita.

"Kuwapiga marufuku bila kuwasalimu kwanza ni utovu wa adabu," alisema mjumbe mmoja.

"Tukiwasalimu nao watatusalimu," alisema mwingine. "Una jibu la swali la tano, mheshimiwa?"

Mheshimiwa alikaa.

"Tuwaandikie barua."

"Barua huanza kwa salamu."

Karani akaombwa asome sheria. Ikaonekana kwamba salamu iliyoitikiwa na milango yote haipigwi marufuku, kwa kuwa hiyo ni mila ya nchi. Lakini salamu ikianguka, hata kwenye mlango mmoja tu, huhesabiwa kuwa kelele, na kelele inaweza kukatazwa. Wakafungua daftari. Wakapitia ukurasa baada ya ukurasa wa alama. Milango mia nne na kumi na miwili, kila asubuhi, majibu yote manne. Nyuso zikaanza kusawijika.

"Hapa pana mstari," karani akasema polepole. "Nyumba ya mshona magauni."

Watu wote waligeuka wakatazama benchi la nyuma. Mize akaona jambo ambalo hakulitarajia: walimtazama kwa shukrani, mamia ya macho, na hakuna aliyefungua kinywa.

Umoja wa Wenyewe ukapigwa marufuku saa tisa alasiri. Vitambaa vyeupe vikakusanywa, vikafuliwa, vikagawiwa zahanati. Waliovivaa walirudi makwao, nao wakawa majirani tu. Swali la nne na la tano yakafutwa. Jioni watu wa chumvi walipita jiwe la mpaka na masanduku yao, na waliowatoa wakawapokea kwa uji uleule wa mtama. Kila mtu alimwambia mwenzake kwamba moyoni hakuwahi kuitikia.

Bakuza aliingia akichechemea. Akatundika kofia yake kwenye msumari, nayo ikaliziba lile duara jeupe sawasawa. Kisha akageuka, akamwona Mize kando ya cherehani. Midomo yake ikafunguka. Macho yake yakapanda mpaka kwenye mstari wa mkaa juu ya mlango. Sasa alikuwa mtu wa Itikoni tena, na sheria za Itikoni zilimhusu. Akainamisha kichwa, akapita kimya kuelekea uani.

Usiku huo Bi. Kirembo na Bakuza walibishana kuhusu mchuzi. Mize aliwasikiliza akiwa ukumbini.

Asubuhi ya tatu mtu alibisha hodi. Alikuwa Bwana Sadala, bega lake likiwa tupu. Aliyepigwa marufuku huwa nje ya sheria ya salamu. Hakuna anayelazimika kumjibu, lakini naye hazuiwi kumsemesha yeyote.

"Hujambo, dada," alisema.

Mize alikuwa hajasemeshwa na mtu, uso kwa uso, kwa wiki nyingi. Akashika mwimo wa mlango.

"Sina kinyongo," Bwana Sadala aliendelea. "Umetufanyia ulivyoona vyema. Lakini nakuona unavyopita sokoni. Hata mbwa wa hapa huitwa jina. Wewe lako ni nani analo? Ni Mize, sivyo? Fundi Mize. Sanduku lako zito, bisibisi ya tatu mpini wake umefungwa uzi mwekundu. Mimi huwatazama watu, dada. Ndiyo kazi niliyoifanya. Niombe radhi, neno moja tu, na mstari huo utafutwa leo hii. Wote watakusalimu. Mlinzi atakuaga vizuri."

"Kwa nini wewe unataka?"

Alitabasamu. "Napenda salamu ziitikiwe."

Akaja kesho yake, na kesho kutwa, kila asubuhi saa ileile. Mize aliona aibu kugundua kwamba alikuwa anaamka mapema kumngoja.

Bi. Kirembo ndiye aliyekwenda kumwuliza karani nini hufuata radhi ikiombwa. Alirudi, akavua kanga, akaketi mbele ya mashine. Bakuza alikuwa kwenye kigoda, akilikanda goti lake.

"Cherehani," alisema, "nimeuliza. Anayeomba radhi huhesabiwa kuwa ameitikia tangu siku ile. Mstari wa mkaa hufutwa, na daftari linakuwa kamili. Daftari likiwa kamili, salamu ile si kelele tena. Ni mila. Swali la nne linarudi. Hayo ndiyo aliyoniambia." Akaikunja kanga mapajani. "Na Bwana Kombe analijua hilo. Ameniambia la tano litazuiwa kwa njia nyingine, hilo la bibi. La nne, amesema, tutaona."

Akagusa gurudumu la mashine, likazunguka nusu.

"Lakini, cherehani, mimi nimechoka kusema na chuma. Nampenda yule binti. Ukimwona mwambie aombe tu, aende zake kabla hajanyauka humu. Bakuza tutamficha mahali."

Bakuza alinyanyuka kwa shida, akanyosha mkono, akaitoa kofia yake msumarini. Hakuivaa. Alirudi kwenye kigoda, akaiweka juu ya goti lake bovu na kuifunika kwa viganja vyote viwili.

Mize alilitazama lile duara jeupe ukutani muda mrefu.

Baraza likakutana siku ya soko kumsikiliza Mize, ili watu wote wahudhurie. Walikuja kwa furaha, wamevaa vizuri. Wengine walikuwa wameandaa salamu zao za kumpa mara tu mstari ukifutwa, na muuza maharage alibeba kikapu kizima. Bwana Sadala aliketi mbele, mikono mapajani. Bwana Kombe hakuruhusiwa kumsemesha mshitakiwa. Aliruhusiwa kusoma swali lililoandikwa, mara tatu, basi.

"Mize, mpita njia," alisoma, "je, unamwomba radhi Bwana Sadala kwa kumnyima jibu la salamu yake?"

"Kabla sijajibu," Mize alisema, "nikiomba, watu wa chumvi wataondoka tena lini? Siku hiyohiyo, au mtawapikia uji kwanza?"

Bwana Kombe alitazama karatasi. Swali hilo halikuwa na jibu humo. Watu walikohoa.

"Siombi," Mize alisema.

Kikapu cha maharage kikawekwa chini. Bwana Kombe alipangusa uso, akasoma mara ya pili, safari hii taratibu zaidi, akilivuta neno "radhi" kama mtu anayemwonyesha mwenziwe mlango.

"Siombi."

Bi. Kirembo alikuwa amesimama karibu na nguzo. Alikuwa analia, na hakukuwa na mashine mahali pale ya kuisemesha. Kando yake Bakuza alikuwa na kofia mkononi. Wote wawili walimtazama Mize, naye alijua kwamba akitoka hapo atawakuta nyumbani, meza moja, chai ya tangawizi, na hakuna atakayemwita jina tena, mwaka huu wala mwaka ujao. Mlinzi wa mpaka atamzuia kwa mikono iliyolegea. Atazeeka katika siku zisizohesabiwa. Aliyekuwa tayari kumwambia "hujambo" alikuwa mmoja tu, na ndiye aliyeketi pale mbele akitabasamu.

Bwana Kombe alisoma mara ya tatu.

"Bwana Sadala alisalimu vizuri," Mize alisema. "Nilisikia kila neno, na jibu nilikuwa nalo. Sikusahau, sikukosea, wala sikuwa mgonjwa. Kesho akija nitafungua mlango, na sitaitikia tena. Andikeni daftarini. Siombi radhi."